Kuku Wasiohesabiwa

Mwaka ule wa hamsini na tatu, Chang'ombe nzima haikuwa na mwanamke aliyeringa kama Bi Somoe, na haki ya kuringa alikuwa nayo. Mayai yake yaliliwa na Wazungu mjini. Kila Jumamosi Anselmo, mpishi wa hoteli, alikuja na baiskeli kuchukua thelathini, makubwa, yamefutwa kwa kitambaa.

Tamaa ikamwingia. Akaongeza kuku, akaongeza tena, wote akawasukumiza katika vizimba vilevile vinne vya mbao za makasha ya petroli. Wangapi? Usimwulize. Kwao mali yenye roho haihesabiwi. Ukihesabu, unaita nuksi.

Mayai yakapungua. Thelathini yakawa ishirini, ishirini yakawa kumi na moja. Kuku wakadonoana hadi damu. Bi Somoe akasema ni husuda tu. Akafukiza ubani, akafunika vizimba kwa magunia watu wasitupe jicho. Joto likazidi humo ndani, na yai likawa la kutafuta.

"Bibi, nakupa Jumamosi tatu," alisema Anselmo. "Thelathini yasipotimia, mie nitachukua kwa wafugaji wa Vingunguti."

Vingunguti! Neno hilo lilimchoma moyo. Siku mbili nzima hakupita sokoni.

Ndipo Kokuberwa, mke wa karani, jirani yake kutoka Bukoba, alipokuja akafunua gunia moja. "Shikamoo, Bi Somoe. Mmoja, wawili, watatu..."

"Koma! Utanimalizia kuku!"

"...saba, wanane. Kizimba kimoja, bibi! Hapa ni pa watatu. Chakula hawakifikii, maji hawayafikii, watataga nini?"

Bi Somoe alikuwa na tusi mdomoni. Lakini alimwona kuku mmoja kakanyagwa mgongoni na mwenzake, ananyoosha shingo na maji hayapati. Tusi likarudi tumboni. Jicho la watu halikuwamo. Aliyewabana ni yeye, na aibu ilimshika kwelikweli.

Siku ileile akang'oa magunia, akamwita fundi, akaitoa baraza yake, ile aliyokalia jioni akisukwa nywele na kusifiwa. Ikajaa vizimba vipya, kuku watatu watatu. Mtaa ukacheka: Bi Somoe kahamishwa na kuku! "Chekeni," alisema, akaketi uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kichwa juu kama kawaida.

Jumamosi ya kwanza yalipatikana kumi na mawili. Ya pili, ishirini na moja. Ya tatu Anselmo alikuta kapu limefunikwa kanga. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo, kwa kuwa desturi ya nyumba ile aliijua.

"Hesabu kwa sauti," alisema Bi Somoe.

"Lakini bibi, nuksi..."

"Kwa sauti, baba. Ifike kwa Kokuberwa."

Akahesabu. Alipotaja arobaini na mawili, ng'ambo ya ua mke wa karani akapiga kigelegele, na Bi Somoe akamjibu kwa kirefu zaidi.