Mikono Isiyovimba

Watu walifika sokoni kabla ya lori. Hiram Wabwile, bwana afya wa upande ule wa Bungoma, alikuwa ameendesha baiskeli wiki nzima akiwaita, maana ndui ilikuwa imeonekana katika mashamba ya wazungu huko Kwanza, kupita Kitale, na vijana wengi wa Bungoma walikuwa vibarua kule. Bendi ya misheni ilipiga ngoma. Chifu Walubengo alivaa koti lake la kaki, ingawa jua lilikuwa kali.

Lori la dereva Adow, lililobeba dawa ya chanjo kutoka Kitale, liliingia alasiri. Lilikuwa limekwama kwenye tope tangu jana yake. Hiram alifungua sanduku, akatia mkono. Barafu imekuwa maji, na maji yenyewe ni ya uvuguvugu.

Alijua maana yake. Dawa ile ikipata joto hufa. Lakini pengine haikufa yote. Akawatazama akina mama waliokaa na watoto tangu asubuhi, na wazee waliobembelezwa kwa shida mpaka wakakubali. Akiwarudisha leo, nani atakuja tena? Akachukua sindano, akaanza kuchanja.

Jioni chifu alimshika mkono mbele ya watu wote. Alisema tangu vita vya Hitler vianze hajaona soko likijaa hivyo, na kwamba DC ataambiwa kazi imefaulu. Haikupita muda, pongezi zikaja kutoka Bungoma mjini. Nekesa, mke wa Hiram, alichinja kuku. Hiram alikula kidogo tu.

Chanjo nzuri haijifichi. Baada ya siku chache mahali palipochanjwa huvimba, hutunga usaha, kisha hubaki kovu. Hiram alianza kuzunguka boma kwa boma akiomba kuona mikono. Yote ilikuwa laini. Watu walimshukuru kwa kuwaletea dawa isiyouma, na mama mmoja akamwongezea ndizi za kubeba nyumbani.

Alipomweleza chifu kwamba inafaa dawa nyingine iletwe, chifu alimuuliza kama anataka watu waambiwe walichanjwa maji. "Walikuja," alisema. "Hiyo inatosha."

Nyumbani Hiram alimkuta Nekesa akipepeta mtama. Nekesa akamwambia kwamba Nakhungu, mdogo wake, alikuwa ameondoka kwenda Kwanza. Wekoye, mume wa Nakhungu, ameshikwa na ndui shambani, na wenzake wamemkimbia. Nakhungu alisema yeye amechanjwa, kwa hiyo atamuuguza bila wasiwasi.

Hiram aliketi chini pale pale.

"Dawa ilikuwa imekufa," alisema. "Nilishuku, na bado nikawachanja."

Nekesa aliweka ungo kando.

"Mfuate," alisema. "Na ukimpata, mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Kitale walimpa dawa mpya na barafu, na Adow akamfikisha Kwanza bila kusimama njiani. Kibanda cha Wekoye kilikuwa peke yake. Vibarua wengine walikuwa wamehamia ng'ambo ya mahindi, na moshi wao ulionekana kwa mbali. Nakhungu alikuwa nje akifua shuka. Alimwona Hiram, akatabasamu.

"Shemeji, mbona umejisumbua? Si ulinichanja wewe mwenyewe?"

Hiram akamwambia. Nakhungu aliitazama mikono yake iliyolowa, akaipangusa kwenye kanga, akampa mmoja. Alipokwisha kuchanjwa alirudi ndani, kwa sababu Wekoye alikuwa anaomba maji.

Hiram aliporudi nyumbani aliwaita watu sokoni tena, safari hii bila bendi, na dawa aliyorudi nayo ikiwa bado kwenye barafu. Chifu hakuja. Hiram alisimama akawaeleza yote: barafu, joto, woga wake wa kuwarudisha. Wengi waliondoka wakinung'unika. Waliosema hawatachezewa mara ya pili walikuwa wengi kuliko waliokunja mikono ya nguo. Lakini wale wachache, mikono yao ilivimba. Walipokuja kumlalamikia kwamba wanaumwa, Hiram aliwashika mabega, akaitazama mikono ile tena na tena.

Huko Kwanza Wekoye alikufa. Chanjo ya Nakhungu ilishika, lakini ndui ilikuwa imetangulia. Aliugua, akapona, na mvua zilipoanza akarudi kwa wazazi wake, uso umejaa mashimo. Kwenye barabara hiyo hiyo vibarua wengine walikuwa wakirudi kwa miguu, baadhi wamejifunika blanketi mpaka kichwani.

Watu walipomwona Nakhungu ndipo walipokumbuka nyumba ya Hiram. Walianza kuja asubuhi na mapema, wamebeba watoto wao, wakasimama uani kwenye manyunyu. Nekesa aliwafungulia. Hiram alitoka, lakini hakushika sindano kwanza. Alipita akigusa vipaji vya nyuso, kimoja baada ya kingine, na vingi tayari vilikuwa vya moto kwa homa.