Kofi la Ubavuni

Winfrida alikuwa amefunga kibanda chake cha kuchapa barua pale Utemini wiki nzima, akivuna alizeti kwao Mgori. Asubuhi alipowasha kompyuta, ikavuma kiasi cha kutetemesha meza. Akarudi nyuma hadi mlangoni, akampigia fundi, kisha akajikaza kusogeza simu karibu na sipiyu.

"Shikamoo mzee Ahmadi. Sikia mwenyewe! Italipuka?"

"Marahaba. Hiyo ni feni ya pawasapulai, kile kisanduku cha umeme humo ndani, imekula vumbi. Ipige kofi ubavuni itulie."

Akaipiga. Mvumo ukapanda kwa hasira, kisha ukashuka taratibu.

Feni gani hujibu ikipigwa? Marehemu baba yake, mrina asali, aliugonga mzinga hivyo hivyo ili asikie kama nyuki wamo.

"Mzee, hii si feni."

"Binti, leo unanifundisha kazi? Haya, chomoa waya ukutani, uone kama haitanyamaza."

Akanyoosha mkono, uso kaugeuzia pembeni, akachomoa. Kioo kikawa cheusi. Feni ikazunguka mara mbili tatu, ikasimama.

Mvumo ukaendelea.