Maji ya Bi Mkunga

Fundi makochi alikuwa mtu wa kumeza mengi. Wateja walimzungusha, misumari ilimchoma, mgongo ulimsumbua, naye akanyamaza. Lakini siku katekista, mwalimu wao wa dini, alipomcheka mbele ya watu wazima wenzake waliokuwa wakijifunza ili waingie Ukatoliki, hilo lilikataa kumezeka.

Kosa lake lilikuwa kusema kwamba alishabatizwa. Mama yake, Mkatoliki, alifariki siku aliyomzaa. Mtoto naye alikuwa anakata roho, padri yuko mbali, na mama hakuweza hata kuinuka. Akamsihi mkunga amwagie mtoto maji, akamtajia maneno ya kusema. Mkunga mwenyewe Mwislamu. Shangazi ndiye aliyemsimulia fundi hayo, baada ya baba kumlea bila dini yoyote. Picha ya mama hana, kaburi halijui. Alichonacho ni maji yale tu.

"Mwislamu akubatize?" katekista alisema huku amejishika mbavu. "Ndugu yangu, hapo uliogeshwa. Pasaka utabatizwa na wenzako, acha hadithi."

Darasa zima likacheka. Kicheko gani hicho, jamani! Watu wametoka kwao kutafuta imani, halafu wanamcheka marehemu aliyekufa nayo mkononi.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa paroko, sindano ya kushonea makochi bado imechomekwa kwenye kola, akamwaga yote. Paroko alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi atumie maji, aseme maneno yenyewe, na akusudie kufanya kama Kanisa linavyofanya. Na ubatizo haurudiwi.

"Ila nahitaji shahidi," paroko alisema. "Huyo mkunga yu hai?"

Alikuwa hai, tena hai kwelikweli. Jumamosi aliingia ofisini kwa paroko na fimbo yake, akakataa soda, akakaa. Katekista naye aliitwa.

"Bibi, ulisema nini ulipomwaga maji?" paroko aliuliza kwa upole.

"Siyarudii. Maneno yale si ya dini yangu."

Katekista akadakia, "Si nilisema? Hajui hata alichosema!"

Fundi akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Mwalimu, mheshimu, huyu ni sawa na mama yako! Hakuja hapa kufanyiwa mtihani. Padri, mwache bibi wa watu aende zake. Kama ni hivyo, nibatizeni tena, yaishe." Alijua ni nini anachokitupa.

Mkunga akagonga fimbo sakafuni. "Wakubatize tena? Kwani mimi nilikuwa nacheza?" Akamgeukia paroko. "Mama yake alinishika gauni, akaniambia nisipunguze hata neno. Nikamwaga maji kichwani mara tatu. Nikasema, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nilitaka awe wa dini ya mama yake, kama mama alivyotaka. Kisha nikaenda kumwomba Mungu radhi, kwa kutamka nisichokiamini. Yule mwanamke alikufa ametulia. Sasa huyu mwalimu wako ananiambia nilimdanganya?"



"Inatosha, bibi," paroko alisema. "Alibatizwa. Kilichobaki ni kuungama, kukiri imani, na kupokea kipaimara na komunyo."

Fundi akalia bila kuona haya, akaishika mikono ya mkunga amshukuru. Bibi akaichomoa, akamkazia macho.

"Usinishukuru. Kumbe umekuwa wa kwao tangu siku ile! Mimi nimeyabeba maneno yale moyoni mpaka meno yameniisha, ombi la mama yako lisipotee. Na wewe, miaka yote hiyo, ulikuwa wapi?"