Gari ya Mama Rébecca

Katika garage moja ya kuuzisha magari, kule Butembo, Sikuli aliangalia gari ndogo mupya, akacheka kwa zarau.

“Mama, hii kampuni tunaijuaka kwa majeep makubwa ya kupasua matope ya barabara ya Mutwanga. Sasa inatengeneza gari ya kwenda kanisani? Inajiharibia jina bure!”

“Na mimi ninaendaka wapi, mwanangu, kama hapana kanisani?” Rébecca alimujibu.

Kila siku ya yenga, ibada ikiisha, vijana wawili wa korali walimubeba kumupandisha katika jeep ya juu ya Sikuli, sababu ya magoti yake, batoto wakichekelea. Leo alifungua mulango wa ile gari ndogo mwenyewe, akaikaa ndani, akatengeneza kikwembe chake juu ya magoti.

“Benye kushinda matope, lami itabashinda? Tunakamata hii.”

Sikuli akazunguka, akaingia upande wa shofere, akashika volant.