Ghala la Nguo

Suruali ya jinzi ilikuwa inaning'inia dirishani, na kila baada ya muda tone moja liliniangukia kwenye kiatu. Nilisogeza mguu. Mwenye suruali alikuwa Valary, mwanafunzi wa chuo, mtoto wa Kisii. Alisimama mlangoni mwa chumba nilichompangisha akinitazama kwa huruma, na alikuwa mpangaji wa pekee niliyebaki naye.

"Mzee, hiyo tanki yako ni poa," alisema. "Lakini sisi hatuna shida ya maji. Shida ni kukausha. Hii jinzi nilifua Jumatatu."

"Na leo ni?"

"Ijumaa."

Nyuma yangu lilisimama tangi jeusi, refu kunishinda, limejaa mpaka linatapika. Mwenzake alikuwa upande wa pili wa nyumba, naye anatapika. Mvua ya Kabianga ilikuwa imeanza saa nane kama kawaida yake, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake na koti langu zuri la kanisani, mwekezaji mzima.

Ili mtu anielewe, lazima ajue natoka wapi. Natoka Sigor, kule Chepalungu, ambako mwezi wa kwanza ukifika wanawake huamka mapema kupanga mitungi kisimani, na ng'ombe hutembezwa hadi mtoni na kurudi wakiwa na kiu ileile. Kwetu mwanamume mwenye tangi haulizwi mambo mengine. Hata posa huenda vizuri zaidi. Nimeishi hivyo maisha yangu yote, na kichwani mwangu dunia nzima ilikuwa Sigor, ila sehemu nyingine zina lami.

Nilipompeleka binti yetu Chepchumba kuanza masomo Kabianga, tulizunguka kutwa tukitafuta chumba. Kila mlango ulikuwa na mtu. Mwishowe akapata kitanda bwenini chuoni, nami nikarudi nyumbani na wazo limenikaa kichwani kama kupe. Mwaka uliofuata, Januari, mwalimu mstaafu aitwaye Johana akaniambia anauza nyumba yake ya vyumba sita, hatua chache kutoka lango la chuo. Nilikwenda kuiona. Jua lilikuwa linawaka. Nikafungua bomba la uani, likakohoa, likanyamaza. Moyo wangu uliruka kwa furaha, kwa sababu shida ya maji naijua na dawa yake naijua.

"Nitaweka tangi mbili," nilimwambia Johana.

Alinitazama kidogo. "Hapa maji hutoka juu, bwana Kiptum," alisema, akaendelea kuhesabu funguo. Nilidhani anaongea mambo ya Mungu.

Shida yangu ilikuwa Cheptoo, mke wangu. Ili kununua nyumba ile ilibidi tuuze ng'ombe, na katika hao alikuwamo Chelel, mweupe wote, kizazi cha ng'ombe aliyetoka nyumbani kwa baba yake tulipooana. Cheptoo hakulia wala hakufoka. Alimkamua Chelel asubuhi ya mwisho, akamsafisha miguu, akamfungua kamba yeye mwenyewe. Kisha akaja akasimama mbele yangu.

"Baba Chepchumba," alisema, "mimi sijakataa. Lakini nitakuja huko kabla ya Krismasi. Nikikuta vyumba zote ziko na watu, sitasema kitu tena mpaka nizikwe. Nikikuta hata moja iko tupu, unauza hiyo nyumba na unaniletea ng'ombe ya kufanana na Chelel."

Nilikubali harakaharaka. Nilikuwa na tangi mbili, ningeogopa nini?

Basi wapangaji niliowakuta wakahama mmoja baada ya mwingine kwenda kwenye nyumba zenye veranda pana, na ndivyo nilivyojikuta Ijumaa ile nikidondokewa na suruali ya Valary. Aibu ilinipata, sitaficha. Lakini pia nilianza kucheka, na yeye akacheka, maana nilikuwa nimewaletea watu wa Kabianga matangi ya maji kwa lori.

Nilikaa mlangoni kungoja mvua ipungue. Nikaanza kufikiria vitu vinavyokauka. Kwetu tunakausha nini? Mahindi. Tunayaweka kwenye ghala lililoinuliwa kwa miguu, kuta zake mbao nyembamba zilizoachana, paa la bati juu, upepo unaingia huku unatokea kule. Mahindi huingia mabichi na mvua yote ya mavuno inyeshe, yatakauka tu. Jambo hilo hakuna mtu wa Sigor anayefundishwa, tunazaliwa tukilijua.

Nikamtafuta fundi Joab, mtu wa palepale. Nilipomchorea chini kwa kijiti alikuna kichwa.

"Mzee, hii ni store ya mahindi. Hapa watu wanapanda majani ya chai. Utaweka nini ndani?"

"Soksi," nilimjibu.

Alinifanyia hata hivyo. Tulisimamisha ghala uani, refu na pana kuliko la kwetu, na juu tukaweka mabati yale yanayopitisha mwanga. Ndani tukavuta nyaya kutoka ukuta hadi ukuta. Valary ndiye aliyetundika nguo ya kwanza, ile jinzi yenyewe. Kesho yake mchana alinipigia simu nikiwa zizini. Hakunisalimu hata. "Mzee, imekauka," alisema, na mimi nikarukaruka mbele ya ng'ombe niliobaki nao.

Masomo yalipofunguliwa Septemba watu walianza kuja wenyewe. Valary alikuwa ameliambia darasa zima. Wakaleta viti vidogo, wakawa wanasomea humo ghalani chini ya mashuka, wanachekea humo, wanasukana humo. Vyumba vikajaa, isipokuwa kimoja. Chumba cha pembeni, kilichopakana na ghala, kila aliyekuja kukiona alisikia vicheko vile akasema hapa sitalala. Novemba ikafika, bado kiko tupu. Cheptoo akapiga simu kwamba anakuja.

Nitasema ukweli, nilifikiria kutundika pazia na kuweka viatu mlangoni. Nilimweleza Valary.

"Viatu za nani?" aliuliza.

"Zangu."

"Mzee, mama hajui viatu zako?"

Cheptoo alifika na mvua yake. Alikuwa amevaa sweta nene ya buluu, imelowa mpaka inavuta mabega, na mkononi amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyolazwa na masizi ya mti. Hakutaka kukaa. Alipita mlango kwa mlango akibisha na kusalimia, na kila mlango ulifunguliwa. Mimi nilimfuata nyuma na mwavuli, roho mkononi. Akafika pembeni. Akabisha. Akasukuma mlango mwenyewe, akatazama sakafu ya saruji iliyofagiliwa, akaufunga polepole.

"Hii iko tupu," alisema.

"Iko tupu," nilijibu. Nilikuwa nimeshaanza kuiaga nyumba.

Wasichana wakamwita ghalani akae, wampe chai. Aliingia akasimama akitazama juu. Aligusa mbao za ukuta, akaweka kiganja kwenye mwanya ule upepo unapopita, akanigeukia. "Hii ni ghala yetu," alisema, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Chelel aondoke. Akawamiminia mursik. Valary alikunywa, akabaki na masharubu ya kijivu, na Cheptoo akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimpenda sana saa ile.

Kisha akavua sweta yake, akaikamua mlangoni, akaitundika kwenye waya kati ya shati la mtu na taulo la mtu.

"Hii itakauka saa ngapi?" alimuuliza Valary.

"Na hii mvua? Kesho mchana, mama."

Cheptoo aliinyoosha mikono ya sweta vizuri, hakuniangalia. "Basi leo hiyo chumba ya pembeni iko na watu," alisema.

Wasichana walileta godoro, blanketi na mshumaa kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Tulilala tukisikiliza vicheko kupitia ukutani na mvua juu ya bati, na Cheptoo akaniuliza mambo ya nyumba ile ambayo hakuwahi kuniuliza hata siku moja.

Asubuhi aliniambia nikaiangalie sweta. Nilikwenda ghalani nikaishika kifuani, mgongoni, mpaka kwapani. Ilikuwa imekauka kabisa.

Nikarudi nikamwambia bado.