Wenye Mguu

Mguu wangu ulipokatwa ndipo nilipojua kwamba una wenyewe, na kwamba mimi si mmoja wao.

Nilikuwa nauza vitumbua hapa Lubumbashi, meza yangu nimeiegemeza kwenye ukuta wa depo moja la saruji. Ukuta ule ulikuwa umetoa tumbo. Sisi wauzaji tulimwambia mlinzi, mlinzi akamwambia meneja, naye meneja akaleta watu wakaupaka chokaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeupamba ufa. Mvua kubwa ikanyesha, ukuta ukaniangukia, na hospitalini wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti. Nikiikumbuka ile chokaa nyeupe, hadi leo nachemka.

Sikutaka makuu. Nilitaka mguu wa bandia, matibabu na kitu cha kuanzia kazi tena, na nilitaka jaji aseme mbele ya watu kwamba walijua. Mume wangu Antoine, Mkasai mwenye duka la simu, alinitafutia wakili, maître Brigitte, mwanamke mwenye sauti ndogo asiyependa kukatizwa. Akafungua kesi ya uzembe kwa jina langu, Adolphine Mumba. Mpaka hapo nilikuwa naelewa kila kitu.

Kisha akaja mjomba Kapya, ambaye mimi humwita yama, kutoka Kilwa ya huku kwetu, kwenye ziwa Mweru, na samaki wakavu kwenye kifurushi, barabara ikiwa imemvunja mgongo. Kwetu, upande wa mama, mtoto ni wa mjomba: akiumia, mjomba ndiye anayeulizwa. Kwa akina Antoine, watu wa Kasai, mke aliyetolewa mali ni wa nyumba ya mumewe. Miaka yote ya ndoa yetu hakuna aliyeuliza mimi ni wa nani, kwa sababu nilikuwa mzima.

Siku moja Antoine akiwa dukani, Jeannot, mtu wa depo, alikuja hospitalini na mwenzake, na gunia la unga, na kitenge. Alivua kofia, akauliza nani mwenye mgonjwa. Mjomba akajibu kuwa ni yeye. Wakashikana mikono juu ya gunia, yule mwenzake akapiga picha kwa simu, nami nikatabasamu, mjinga mimi, kwa kuwa mtu akipigwa picha hutabasamu.

Jioni Antoine akalikuta gunia chini ya kitanda.

"Yama, ile bunga balileta ya nini?"

"Ya kufungula kinywa, bukwe," mjomba alimjibu mkwewe. "Mutu akikosa, analeta kintu kwanza, njo tunaanza kusikilizana. Hatuyasema bado kintu."

"Na nani alikutuma kupokea? Miye njo nilitosha mali ya huyu muke."

"Ulitosha mali ya muke. Hukutosha mali ya damu yake."

"Na miye?" niliuliza.

"Weye lala," wakajibu pamoja. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Nililala. Niliporudi nyumbani tuliupika ule unga, maana njaa haina wakili. Antoine aliapa kwamba hatauonja. Kisha akanusa samaki wa mjomba, akasogeza kiti, akamega bukari, ugali wetu, kama sisi.

Siku ya kesi, wakili wa depo alisimama akiwa ameshika ile picha.

"Affaire ilishaisha, monsieur le juge. Famille ilipokea, balipeana mikono. Balisikilizana à l'amiable."

Jaji akamuuliza mjomba kama ni kweli.

"Hapana. Ile ilikuwa ya kufungula kinywa," mjomba alisema. "Tulingoya barudie, tuseme. Habakurudia."

Antoine akaruka. "Hata angesema, hana droit. Bwana wake njo miye."

Wakili wa depo akakunjua mikono kwa upole. "Munaona? Mujomba anasema ni yeye, bwana anasema ni yeye. Siye tuseme na nani?"

Nikayapima maneno yao. Kama mjomba ana haki juu yangu, basi huenda niliuzwa kwa gunia. Kama hana, mbona ndiye aliyevumilia barabara ile kuja kunilinda? Kama haki ni ya Antoine, mbona naye alimega? Nilikuwa nawapenda wote wawili, na saa ile ningeweza kuwapiga wote wawili. Nilimtazama maître Brigitte anieleze nimesimama wapi, lakini yeye alikuwa anamtazama jaji.

"Mwenye muguu asimame," jaji alisema.

Antoine na mjomba wakasimama papo hapo. Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, kisha nikaona uchungu hata machozi yakanitoka. Nikashika benchi, nikajivuta juu kwa mguu mmoja.

"Mama, ile bunga mulikula?"

Maître Brigitte alinigusa mkono, nadhani alitaka nifikiri kwanza. Lakini nilikuwa nimechoka kufikiri, na benchi lilikuwa linatikisika.

"Tulikula, monsieur le juge. Bote tulikula. Bunga ilishaisha. Muguu haiyaota bado."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba jina lililofungua kesi ni la mama huyu, kwamba unga haulipi mguu, na kwamba atasikiliza habari za ukuta na chokaa kutoka kinywani mwangu. Akatupa tarehe nyingine.

"Tulishinda?" nilimnong'oneza wakili wangu.

"Tulianza," alisema, akafunga mkoba wake, akawahi kesi nyingine.

Sikujua nifurahi au nihuzunike. Magongo yangu yalikuwa yameegemezwa mlangoni. Antoine akakimbilia moja, mjomba akakimbilia la pili, kila mmoja ili anisaidie, na hapo hapo wakaanza kubishana ni nani atakayenifundisha la kusema siku ya kesi ijayo. Wakatoka hivyo hivyo mpaka uani, kila mmoja na gongo lake mkononi, sauti zikipanda. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nimeshikilia benchi.

Niliwaita. Wakanyamaza wote wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake aitike.