Milioni Arobaini za Jairosi

Kila Jumatatu asubuhi Netsai alikung'uta mashuka uani, pale Mbare, mtaa wa Harare, na vumbi jekundu likatua kwenye mboga za jirani. Mumewe Jairosi, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akiota kutu. Ilianzia kiunoni, ndoa yao ikiwa na mwaka mmoja. Sasa ndoa ilikuwa na miaka saba, bila mtoto. Jirani hakulalamika. Aliosha mboga zake mara mbili.

Hospitalini daktari alimgonga Jairosi begani kwa kalamu, akasikiliza mlio, akaandika. Kisha akaeleza kwamba moshi wa kazi, sigara na pombe vimeipenyeza kutu hadi kwenye mbegu za kiume. Nyingine zina vichwa viwili, nyingine hazina mkia, nyingi zinazunguka palepale.

"Acha sigara na pombe, vaa barakoa kazini, kula matunda. Rudi baada ya miezi mitatu. Mkeo hana tatizo."

Jumapili Tete Marujata, shangazi yake Jairosi, alikuja kuisoma karatasi ya vipimo. Alisoma mstari wa kwanza, akapiga vigelegele.

"Milioni arobaini! Mwanangu ana mbegu milioni arobaini, na wewe umeshindwa kushika hata moja?"

"Tete, soma na chini. Zilizo nzima ni moja katika kila mia."

"Chini ni maneno ya daktari. Juu ndiyo hesabu."

"Mwaka ule wa noti za matrilioni sote Mbare tulikuwa matajiri, Tete. Mkate uliuona?"

"Mdomo unao. Tumbo je?"

Netsai aliomba apewe ile miezi mitatu tu. Jairosi akawasha sigara, akasema mwanamume mwenye milioni arobaini halishwi mapapai kama mgonjwa.

Wiki iliyofuata alimpa gupuro, ile sarafu ambayo mume humkabidhi mke anayemrudisha kwao. Ilikuwa imegandia kiganjani kwa kutu. Tete akaibandua kwa bisibisi. Netsai akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa, akapanda basi la kwao Murehwa na masufuria yake.

Mke mpya, Shamiso, aliletwa msimu wa mahindi mabichi. Tete akamwonyesha jiko, chumba na mume.

"Hilo vumbi ni jasho la kazi, mwanangu. Wewe zaa tu."

Shamiso alikuwa mtiifu. Kila asubuhi alimtia mumewe mafuta magotini ili aweze kuinuka. Mwaka ulipokwisha, Tete alisafiri hadi kwao Shamiso, akauliza kwa upole kama katika ukoo ule kuna wanawake wengine tasa.